Rungu Nililolibeba Namuwongo

Kwa Rukia wangu, utakayeisoma hii usiku wa leo, kabla hujavuka mpaka wa Mutukula,

Juzi ulikuwa umekaa kwenye mkeka, unanisomea habari za Tanzania kwenye simu ili niwasikie watu unaokwenda kuishi nao wanavyoandika. Ukafika kwenye kichwa cha habari kilichosema rungu la mkuu wa mkoa limewashukia watendaji wazembe. Ukacheka. Ukaniambia, "Mama, huku wanatumia rungu kwa maana ya adhabu ya kiofisi! Mtu hapigwi, anafukuzwa kazi tu." Halafu ukanitazama, kicheko kikakatika, ukashuka haraka mpaka habari ya mpira.

Nimekuwa nikifikiria kile kicheko kilichokatika. Kesho unakwenda Morogoro kusomea ualimu wa Kiswahili. Neno lile utakutana nalo tena darasani, siku moja utalifundisha watoto wa watu, na sitaki kila ukilifikia umtazame mama yako kwanza. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Habari za blanketi, dawa na mahali pa kuficha pasipoti tumeshazisema mpaka umenichoka. Hapa nitasema lile ambalo wewe ulikuwepo likitokea, na ambalo hatujawahi kulizungumza.

Najua kamusi inasema nini. Rungu ni fimbo fupi yenye kichwa kinene, silaha ya mkononi. Wamaasai wanatembea nalo, walinzi wa maduka wanalo. Hayo ni sawa. La kwangu lilikuwa la mti mweusi, na kamba ya ngozi ya kuzungushia kifundo cha mkono. Tulipokuwa kozi walitufundisha kulitumia. Piga miguuni, usipige kichwani, mtu akianguka acha. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Bibi yako, kule Old Kampala, hakufurahi niliposema naingia polisi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mjukuu wa askari wa Kinubi aliyeletwa huku na wakoloni. Alisema, "Kiswahili kiliingia kwetu pamoja na buti. Nilidhani buti zimekwisha." Nilimwona mzee asiyeelewa mambo ya kazi na mshahara. Baba yako alikuwa ameshafariki, wewe ulikuwa unatambaa.

Walinipanga kituo cha karibu na mtaa wa Namuwongo. Nilikuwa mwembamba, askari wenzangu wakinicheka kwamba kofia inanibeba. Siku moja mlevi mmoja aliniangushia ile kofia mbele ya watu, kule chini karibu na reli. Watu wakacheka. Nikampiga rungu la muundi, moja tu, akakaa chini kwenye matope kama mtoto. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Tangu siku hiyo nikawa na jina. Rungu. Na kwa vile Waganda wengi r na l kwao ni kitu kimoja, ikawa Lungu. Nikitokea kona ya juu, watoto walikimbia mbele wakipiga kelele, "Lungu ajja! Lungu ajja!" Rungu anakuja. Wenye mikokoteni wakasogea, waliokuwa wakicheza karata wakakunja.

Mwanangu, nililipenda hilo jina. Hili ndilo linaloniumiza kuliandika. Ningeweza kusema kazi ilikuwa ngumu na nilikuwa mjane, na yote mawili ni kweli. Lakini nilikuwa natembea polepole makusudi ili jina litangulie. Ulipokuwa na miaka mitano uliniuliza, "Mama, kwa nini wanakuita mulungi?" Ulidhani wanasema mulungi, mtu mzuri, kama Waganda wanavyosema. Nikakujibu, "Kwa sababu mama yako ni mzuri." Ukafurahi. Ukaenda kuwaambia shuleni, na huko wakakueleza wanachosema hasa. Uliporudi hukunitazama, nami nikajifanya nina shughuli jikoni.

Nyumbani nililitundika nyuma ya mlango. Nimejisifu mbele ya majirani kwamba sijawahi kukupiga hata siku moja, na ni kweli sikukupiga. Lakini ukikataa kula, au ukilia nikiwa nimechoka, nililitoa kwenye msumari na kuligonga mezani. Ulikuwa unanyamaza papo hapo. Nikasema, huyu mtoto ana adabu.

Sasa Nalongo. Alikuwa na kibanda chake kando ya reli, akiuza katogo ya ndizi na maini asubuhi, na chai mchana. Alikuwa na wale pacha wake waliompa hilo jina la Nalongo, mama wa pacha, na mume aliyekwenda Juba kutafuta kazi akapotelea huko. Zamu zangu zilipokuwa ndefu, ulitoka shule ukaenda kwake. Hakuna siku niliyompa maagizo. Alikuosha miguu, akakulisha, akakulaza nyuma ya magunia pamoja na pacha. Nikija kukuchukua, watu wote wa pale walikuwa wakishusha macho, ila yeye. "Mama Lukia, umechelewa, nyabo. Mutoto amekula." Namuwongo nzima, ni yeye peke yake aliyeniita kwa jina lako.

Amri ya kuondoa vibanda vya reli tulisomewa kituoni siku moja kabla, tukaambiwa tusiseme kwa mtu. Jioni ile nilipokuja kukuchukua, Nalongo alikuwa anakwangua sufuria. Aliinua uso akaniuliza taratibu, "Mama Lukia, nasikia kesho mutakuja kuvunja. Ni kweli? Niambie tu mimi nihamishe vitu."

Nikamwambia, "Sijui chochote."

Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo. Jina langu lilikuwa limeshapelekwa juu, na niliogopa kwamba vibanda vikikutwa vitupu watatafuta nani aliyesema, na kila mtu alijua mtoto wangu anashinda wapi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani, nikiwa nimeshika mkono wako, na chakula chake kikiwa tumboni mwako. Alinitazama. Kisha akasema, "Haya. Mulale salama," akakufungia andazi la kula njiani.

Asubuhi nilikuambia ubaki nyumbani, usitoke. Ilikuwa Jumamosi. Sikukupa sababu. Wewe ulikuwa na miaka kumi, ukanitazama nikifunga mkanda, na nadhani ulielewa pale pale. Nilipotoka tu, ulikimbia kwa njia ya mkato kwenda kumwambia Nalongo lile nililoshindwa kumwambia mimi. Hili nililijua baadaye, kutoka kwa jirani aliyekuona. Mtoto wangu alifanya kazi yangu.

Lakini hukuwahi vya kutosha. Tulipofika alikuwa ameshatoa benchi na magunia, anarudi kuchukua lile sufuria kubwa, likiwa na katogo ya watu wa asubuhi. Wenzangu walikuwa wanang'oa mabati. Afisa aliyetuongoza alisimama kwenye mawe ya reli. Nalongo akalishika sufuria kwa mikono miwili, hakuliachia. Akaniona.

"Mama Lukia!" akaita. "Mama Lukia, waambie wanipe dakika tu! Wewe unanijua!"

Afisa akageuka. "Koplo, huyu anakujua?"

"Hanijui, afande. Wala mimi simjui."

"Basi mbona bado kasimama?"

Kozi walitufundisha kupiga miguuni. Nilimpiga mkono, kwa sababu mkono ndio ulioshika sufuria, na mdomo wake ulikuwa bado unaita jina lako mbele ya wakubwa wangu na nilitaka unyamaze. Nilipiga mara mbili. Ile ya pili nilisikia imeingia tofauti. Sufuria likaanguka, ndizi zikamwagika kwenye mawe. Hakupiga kelele. Alisema "Banange", jamani, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akakaa chini, mkono wake ameuweka mapajani na umekaa vibaya.

Ndipo nilipokuona. Ulikuwa nyuma yake, umekumbatia vijiko na sahani za bati ulizokuwa unamsaidia kuhamisha. Ukaniita, "Mama." Hukupiga kelele wewe pia.

Afisa alikuangalia, akaniangalia mimi, akaangalia yule mama pale chini. Akasema, "Kumbe mnajuana," akaenda zake kwenye kibanda kingine. Sikupewa adhabu yoyote. Mwezi uliofuata nikapandishwa kuwa sajenti. Unakumbuka nilileta kuku wa kukaanga na soda nyumbani, na wewe hukugusa.

Nilikuburuta nyumbani siku ile huku nikikugombeza kwa kutoka bila ruhusa. Nalongo alipelekwa hospitali na watu wa pale, kwa bodaboda. Sikwenda kumwona. Nilijiambia nitakwenda mambo yakipoa. Kisha muda ukapita, nikajiambia nikienda sasa itakuwa aibu zaidi. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu, Rukia. Anakula, anakwenda kazini, anaswali, na kila akikaribia barabara fulani anapita nyingine.

Wewe uliacha kunisemesha kwa Kiswahili. Hukunikasirikia kwa maneno, hukuvunja kitu. Nilikuuliza, "Umekula?" ukajibu, "Ndidde," nimekula. Nikakuambia, "Njoo nikusuke," ukanijibu kwa Kiganda kwamba umeshasukwa. Lugha niliyokubembelezea ulipokuwa mchanga, lugha ya bibi yako, uliiondoa mdomoni kama mtu anavyotema mwiba wa samaki. Mwalimu wako aliniambia shuleni unawaambia wenzako Kiswahili ni lugha ya wapiga watu na wezi wenye bunduki. Nilimwambia hayo ni maneno ya watoto wote wa Kampala, na kwa kweli wengi wanasema hivyo. Ila wewe hukuyaokota barabarani.

Nilijua ulikuwa unakwenda Nakawa. Nalongo alikuwa amehamia huko sokoni, nyuma kwenye majiko, na ulikuwa unarudi jioni unanuka moshi na vitunguu. Sikukuuliza. Niliona nikiuliza nitapaswa kusema mengine.

Nilipostaafu, nilirudisha vifaa vyangu stoo. Kijana wa stoo alilichukua rungu langu bila kulitazama, akalirusha kwenye rundo la mengine kule nyuma, likagonga yale mengine, basi. Nilitoka pale nikitembea na sijui mkono wa kulia niuweke wapi. Barabarani hakuna aliyekimbia. Nikadhani nitahuzunika. Nilichohisi ni kwamba sina tena mahali pa kujificha.

Miezi kadhaa baadaye nilikusikia uani ukiongea na simu. Ulikuwa unaongea Kiswahili! Nilisimama nyuma ya pazia na sahani mkononi. Ulikuwa unamweleza mtu bei ya ndizi na saa ya kuja, unacheka, unasema tafadhali, unasema usijali kaka. Kiswahili laini, chenye mdundo wa Kikongo ndani yake, ambacho sikukufundisha mimi. Ulipoingia nilikuuliza umekitoa wapi. Ukanijibu kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu ulipokuwa na miaka kumi.

"Kwa Nalongo. Wateja wake wengi Wakongo, anataka niwasemeshe."

"Na wewe ulikubali?"

"Nilikataa. Nikamwambia siitaki hiyo lugha. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia anajua kwa nini." Uliangalia chini. "Akasema si Kiswahili kilichompiga."

Ukaenda kulala. Hukuwa umesema kwa ubaya, na labda umeshasahau kwamba ulisema. Mimi niliosha sahani ile ile mpaka maji yakapoa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nakawa. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kati ya majiko, amenenepa kidogo, mkono wa kulia umepinda chini ya kiwiko na vidole viwili havikunjiki. Nilipiga magoti mbele yake kama wanawake wa Kiganda wanavyosalimia. Wauza nyanya wote wakageuka.

"Inuka," akasema. "Watu watafikiri umeniletea msiba."

"Nalongo, nilikujua siku ile. Nilisema sikujui, na nilikujua."

"Hiyo najua. Kwani mimi nilikuwa kipofu?"

"Nimekuja kuomba—"

"Ngoja," akasema. Alikuwa anakoroga sufuria kwa mkono wa kushoto. "Ile jioni. Nilikuuliza kama mutakuja. Ulisema sijui. Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu mkono. Nikamwambia ukweli, habari ya cheo. Ilisikika ndogo sana pale kati ya majiko. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Hii mukono ilivunjika siku moja," akasema. "Ikauma, ikaacha. Lakini ile 'sijui' yako, mama Lukia, mimi bado naisikia. Mutoto wako aliondoka na andazi yangu mukononi."

Nilianza kulia, akanitazama kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Mimi sijakusamehe," akasema. "Nikikudanganya hapa, utaenda nyumbani na furaha, mimi nitabaki na uongo. Sitaki. Usiniulize tena hiyo maneno. Lakini ndizi ziko nyingi, na hii mukono haiwezi kumenya. Kisu iko hapo."

Nikakaa chini nikamenya. Nilimenya vibaya, nikawa nakata na nyama yake, akanigombeza mbele ya watu kwamba ninamharibia mali. Utomvu ulinishika vidoleni mpaka vikawa vyeusi. Mchana alinipa chakula kwenye sahani ya bati kama anavyompa mfanyakazi, akarudi kwenye wateja wake. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena. Hakuniuliza mbona nimerudi.

Wewe ulinikuta huko wiki ya tatu au ya nne. Ulisimama na begi begani, ukaangalia vidole vyangu, ukamwangalia Nalongo. Yeye akasema tu, "Mwambie mama yako asikate nene." Ukaweka begi chini ukaja ukakaa karibu yangu, ukachukua ndizi ukanionyesha: kisu unakilaza hivi, unavuta ganda kuelekea kwako. Tukamenya hivyo mpaka jioni. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka kazini.

Mpaka leo hajasema amenisamehe, na sidhani kama atasema. Zamani ningeona ni ukaidi. Sasa naona ana haki yake, na mimi nina kisu na ndizi. Sikuandikii haya ili wewe useme hilo neno kwa niaba yake, wala kwa niaba yako. Kama unalo, likae mpaka liive lenyewe. Kama huna, nitaendelea kuwa mama yako hivyo hivyo.

Kuhusu lile neno. Siku mwanafunzi atakapokuuliza rungu ni nini, mwambie yaliyo kwenye kamusi. Mwambie pia ya magazeti, ya wakubwa na watendaji wazembe, na ucheke nao, maana ni maneno ya kuchekesha kweli. Usikatize kicheko kwa ajili yangu. Lakini ukiona darasani mtoto mmoja hacheki, umwache akae kimya, usimwite mbele atunge sentensi. Huenda na yeye kwao kuna msumari nyuma ya mlango.

Na kitu kimoja kingine ambacho nakijua kwa gharama. Mtu atakuja kukuuliza jambo unalolijua, na kulisema kutakuwa na hasara kwako. Hutakuwa na rungu mkononi wakati huo, utakuwa umesimama tu, labda ofisini, labda njiani, una haraka. Mimi niliharibu jioni ile niliposema sijui, kabla ya rungu, kabla ya sufuria kuanguka. Asubuhi yake nilikuwa namalizia tu.

Nimeambiwa na Nalongo kwamba kesho anafunga jiko, anakuja kituo cha mabasi. Amekufungia chakula kwenye majani ya ndizi, kingi mno, itabidi ugawe na abiria wenzako. Aliniuliza asimame wapi ili asikupoteze kwenye ule msongamano. Nimemwambia asimame mlangoni pa basi, pale pale unapopandia.

Ukimwona, nenda kwake kwanza. Umuage vizuri, usiharakishe, usigeukegeuke kunitafuta. Ana mengi ya kukuambia na amekulea. Dereva akipiga honi mwache apige. Mimi nitakuwa nyuma kidogo, nimekushikia begi, mpaka mtakapomaliza.

Mama yako,
Hadija